Tuwaulize Wageni Wetu Kwao Wanapaitaje



Katika miaka ya 1970, mkoa wetu wa Iringa uliwapokea wapigania uhuru katika kambi ya Mgagao. Wakoloni waliiita nchi yao Rodezia, kwa jina la Cecil Rhodes. Wao wenyewe walisema Zimbabwe, hata kabla ya uhuru wa mwaka 1980. Baadaye walifika hapohapo wanachama wa PAC, ambao kwao walipaita Azania. Wenzao wa ANC, waliokaa Mazimbu, Morogoro, walisema Afrika Kusini. Nchi ni moja, majina ni mawili, na wote walikuwa wageni wetu.

Nasi leo tunatendaje? Huko Tunduma na Mbeya mara nyingi tunamwita Mzambia kila aliyevuka mpaka, hata kama ametoka Kongo. Tunakiri kosa hilo.

Basi tunawasihi: tumwulize mgeni kwanza, kisha tulitamke jina la kwao kama anavyolitamka yeye. Wageni wakitofautiana, si kazi yetu kuwaamua. Kazi yetu ni kuwasikiliza. Aliyeacha nyumba na shamba amebaki na jina la kwao. Tukimnyang'anya na hilo, tumemfukuza mara ya pili.