Dohani Isibaki Chini ya Paa Jipya

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo katika ajenda huonekana dogo, nalo ni banda la kuwekea gari. Chama kikishapata gari, au trekta, au hata pikipiki mbili za kuzungukia wakulima, kamati huamua kwamba mali hiyo isikae juani wala mvuani. Uamuzi huo ni mwema. Kisha hutafutwa ukuta wa kuegemezea paa, kwa sababu ukuta uliokwisha kujengwa hupunguza gharama: boriti huegemezwa upande mmoja, nguzo husimamishwa upande wa pili, na mabati hupigiliwa. Ukuta unaochaguliwa mara nyingi ni wa nyuma, palipo jiko la mlinzi au tangi la kuchemshia maji kwa kuni. Na huo ndio ukuta wenye dohani.

Hapo fundi hukuta bomba la moshi limesimama pale anapotaka kupitisha bati. Ataliacha liishie chini ya paa jipya, au atalikata na kulipinda litoke ubavuni. Simlaumu fundi. Yeye hujenga kilichoandikwa, na muhtasari wa mkutano uliandika maneno manne tu: "kujenga banda la gari". Juu ya dohani haukusema lolote.

Dohani huvuta kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Kadiri bomba linavyokuwa refu na lenye joto, ndivyo linavyovuta kwa nguvu. Kila kona hupunguza mvuto huo, na kipande cha bomba kilicholala huupunguza zaidi. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya paa, moshi hugonga mabati, hujaa chini yake, kisha hutafuta dirisha la karibu. Kama dirisha hilo ni la chumba cha mlinzi, moshi utaingia huko.

Moshi tunaouona si hatari kuliko yote. Moto wa kuni au mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa pumzi ingawa mtu anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Hapa kwetu Mara mtu mwenye dalili hizo atasema ni malaria, atameza dawa na kurudi kulala katika chumba kilekile. Tazameni mambo mawili: je, wote waliolala humo wanaumwa kwa pamoja? Na je, wanapata nafuu wakikaa nje? Ikiwa ndivyo, zimeni moto, watoeni nje, wapelekeni hospitali upesi, na mwambieni mganga habari ya moshi. Asipoambiwa huenda naye akaanza kutafuta malaria.

Sasa, tufanyeje? Shauri langu la kwanza ni kulijenga banda mbali na ukuta huo. Nguzo chache za ziada zitaongeza gharama, lakini mtakuwa mmeepuka matatizo yote nitakayoyataja. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi yenu mna kiwanja chembamba na hamna njia nyingine.

Ikiwa hamna njia nyingine, dohani na ipandishwe ipite juu ya paa jipya, imesimama wima. Kanuni inayofuatwa na wajenzi wa nchi nyingi ni kwamba mdomo wa dohani uwe juu ya paa kwa sentimeta 90 au zaidi pale inapotokeza, tena uzidi kwa sentimeta 60 kitu chochote kilicho ndani ya meta 3 kutoka hapo. Banda huwa fupi kuliko nyumba, kwa hiyo hiyo kanuni ya pili ndiyo itakayowabana: msipime kutoka bati la banda mkasahau paa la nyumba lililo karibu. Upana wa bomba usipunguzwe popote. Kona ikilazimika, iwe ya mshazari, isiwe ya pembe mraba.

Bomba la bati tupu likae sentimeta 45 mbali na mti wowote. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa maana papi hupigiliwa zikiligusa bomba. Mti unaopashwa moto kila siku hukauka, huwa mweusi, na siku moja huwaka bila kuguswa na mwali. Papi ikatwe na kufungiwa pembeni, au dohani ijengwe kwa matofali ya kuchoma hadi juu. Bomba la plastiki halifai hata kidogo. Tena baadhi ya majengo ya zamani yana mabomba ya saruji yenye asbesto. Hayo msiyakate kwa msumeno wala kuyavunja, maana vumbi lake huleta saratani. Ulizeni kwanza halmashauri ya wilaya.

Kuna na habari ya petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni. Mlango wa jiko au tundu la kutolea majivu lisielekee ndani ya banda. Na mkiogopa wezi, msilizungushie banda mabati pande zote: gari likiwashwa humo, moshi wake nao una sumu ileile niliyoitaja.

Wakati wa ujenzi nao una neno. Kiangazi ndicho kinachofaa, lakini ndicho pia msimu wa kununua pamba, ghala limejaa na nyuzi zimetapakaa uani. Cheche moja ya kuchomelea nguzo, au ya dohani iliyojaa masizi, inatosha. Mali iliyomo ghalani wakati huo ni jasho la wanachama ambao pengine hawajalipwa. Jengeni kabla ya kufungua mizani au baada ya ghala kusafishwa, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani.

Kazi ikiisha, msimlipe fundi mpaka mmeijaribu. Washeni moto, fungeni milango na madirisha, tazameni kama moshi unarudi mdomoni mwa jiko. Fanyeni hivyo mchana na tena usiku. Kwa ninyi wa kando ya ziwa, mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Dohani inayovuta vizuri saa tisa mchana yaweza kurudisha moshi saa tisa usiku, wakati mlinzi amelala.

Wako watakaosema kwamba tunahamia gesi. Ni kweli, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini maharage bado yanachemshwa kwa mkaa katika majiko yaleyale. Maadamu mkaa unaingia chumbani, dohani isizibwe.

Kwa makatibu, napendekeza muhtasari uandikwe hivi: "Kamati imekubali kujenga banda la gari, dohani ipandishwe juu ya paa kwa vipimo vilivyoambatishwa, malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio la mchana na la usiku mbele ya wajumbe wawili." Fundi apewe nakala kabla hajanunua bati la kwanza.

Walio na michoro yao waniletee hapa mezani tuitazame pamoja.