Kikundi Ndicho Darasa: Uendeshaji wa Vikundi vya Kujitolea vya Elimu na Uongozi wa Wanawake



Waandaaji wa semina hii wamenipa mada ya uendeshaji wa vikundi vya kujitolea vinavyosaidia elimu na uongozi wa wanawake. Ningeweza kuutumia muda huu kuwasomea vifungu vya sheria, lakini vifungu hivyo mnavyo kwenye makabrasha na wengi wenu mmeshapambana navyo. Nitashika jambo moja. Msichana tunayemnunulia sare na kumlipia hosteli anatutazama. Anaona tunavyomchagua mweka hazina, nani anakatizwa maneno kikaoni, nani anashika simu yenye pesa. Hayo anayoyaona ndiyo somo lake la uongozi, hata kama kwenye andiko la mradi tumeandika kwamba somo hilo litafundishwa kwa siku mbili ukumbini.

Jambo hili si geni kwetu. Bibi Titi Mohamed alisoma madarasa manne tu. Chama cha TANU, kilichokuwa kikipigania uhuru, kilipompa kazi ya kuandikisha wanawake mwaka 1955, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha bomba. Haikupita miezi mingi maelfu ya wanawake wakawa wamekata kadi. Wengi wao shule hawakuijua, ila kikao walikijua. Vikundi vyao vilikuwa na viongozi, michango, sare, na taratibu za kuchangiana harusini na kuzikana. Nani aitwe, aitwe kupitia kwa nani, mchango ukipungua aulizwe nani: yote hayo yalishapangwa kabla chama cha siasa hakijabisha hodi. Tunaposimulia uhuru tunasifu sauti ya Bibi Titi, na inastahili sifa. Mimi ningependa tusifu pia zile taratibu za vikundi, maana bila hizo sauti ingebaki uwanjani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na shule. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Profesa Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamfahamu kama Penina Muhando, na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa wakataja wenyewe yanayowakwamisha, wakayachambua, wakayatungia mchezo, wakauigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wakafuatilia kilichoahidiwa. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wa sekta ya elimu lililoundwa mwaka 1992, liliuchukua mtindo huo na kuupeleka nchi nyingine. Angalieni mpangilio wake: anayesaidiwa ndiye anayetaja tatizo. Kwetu mara nyingi tatizo tunalitaja sisi kwenye andiko, halafu tunatafuta wasichana wanaolingana nalo.

Matokeo yake ni kwamba tunagharimia vitu vilivyokwisha kugharimiwa. Tangu Januari 2016 mwanafunzi wa shule ya serikali halipi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingizwa. Bado nakutana na fomu za vikundi zinazouliza, "Unadaiwa ada kiasi gani?" Msichana anaandika sifuri, na kamati inaona hana shida. Shida yake iko kwingine. Ni nauli ya daladala na konda asiyetaka wanafunzi asubuhi. Ni chakula cha mchana ambacho mzazi hajakichangia. Ni hosteli ya mtaani isiyo na mlezi. Ni taulo za kike. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliziondolea taulo kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka uliofuata kodi ikarudi, maelezo yakiwa kwamba bei dukani haikushuka. Vikundi vingi viliusikia mjadala ule redioni tu, ilhali vilikuwa na kitu ambacho hata Bunge lilikihitaji: bei halisi za maduka ya kijijini, mwezi kwa mwezi. Kikundi kinachonunua taulo kila mwezi na kutunza risiti kina ushahidi mkononi.

Au chukueni suala la wanafunzi waliopata ujauzito. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Ruhusa ipo, mlango uko wazi, na msichana hajatokea. Ukimfuata nyumbani utakuta hajashindwa na waraka. Ameshindwa na saa sita mchana, wakati mtoto anataka kunyonya na bibi yuko shambani. Hapo kikundi cha kujitolea kina kazi ambayo wizara haiwezi kuifanya: kumtafuta jirani wa kukaa na mtoto, kumlipa chochote, na mwanakikundi mmoja kuongozana na msichana hadi kwa mkuu wa shule siku ya kwanza ili asiingie peke yake. Gharama yake ni ndogo kuliko bango la uzinduzi.

Nije kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Vikundi vingi vidogo huanza na fedha zikiwa kwenye laini ya simu ya mwenyekiti. Mwanzoni ni rahisi na hakuna ubaya. Mwenyekiti ni mtu mwaminifu, ndiyo maana alichaguliwa. Halafu mwanawe anaugua usiku, laini ni ileile, anachukua 30,000 kwa nia ya kurudisha Jumatatu. Jumatatu mfadhili anaomba taarifa ya fedha. Hakuna mwizi katika habari hii, lakini kikundi kinaweza kufa kwa sababu yake, maana kuanzia hapo kila mtu anazungumza kwa kunong'ona. Dawa inajulikana: akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili, au akaunti ya kikundi kwenye simu inayodai idhini ya zaidi ya mtu mmoja. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wamelitatua jambo hili zamani kwa sanduku lenye kufuli kadhaa na funguo zake kukaa kwa watu tofauti. Ajabu ni kwamba mama yuleyule anayeshika ufunguo wa sanduku la VICOBA Jumamosi, Jumapili anakubali kikundi chetu cha elimu kiendeshwe kwa laini ya mtu mmoja, kwa kuwa "hii ni kazi ya kujitolea tu."

Daftari la fedha nalo linasema mengi kuliko taarifa iliyochapwa. Mistari miwili hii naitoa kwa mfano. Wa kwanza: "Misaada kwa wasichana, 350,000." Wa pili: "Nauli ya wiki 2, wasichana 3, wametia saini wenyewe, 36,000, salio 314,000." Mstari wa kwanza hauulizwi swali kwa sababu hauna pa kushika. Wa pili mtoto wa kidato cha pili anaweza kuuhakiki kwa kalamu, na ningependa auhakiki. Mpeni msichana mmoja anayesaidiwa na kikundi kazi ya kusoma daftari kwa sauti kila kikao cha mwezi. Atajua salio ni nini, atajua mtu mzima anaweza kuulizwa na dunia isianguke. Katiba yetu ya nchi inataka viti maalum vya wanawake bungeni visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Watakaokalia viti hivyo kesho watakuta vitabu vya bajeti vinawasubiri. Afadhali waanze na salio la 314,000.

Kuhusu kujitolea kwenyewe, tuseme ukweli. Kujitolea kuna bei, na kwetu bei hiyo hulipwa na maskini zaidi miongoni mwetu. Mwalimu mstaafu mwenye pensheni anaweza kutembelea shule nne kwa mwezi. Binti aliyemaliza kidato cha nne, anayeuza mihogo, akikosa asubuhi mbili amekosa mtaji. Tukisema nauli asirudishiwe kwa sababu hii ni kazi ya moyo, tumekwisha kuchagua nani atakuwa kiongozi wa kikundi na nani atakuwa wa kutumwa. Kwa upande mwingine, posho, ambayo sisi tuliomo humu ukumbini tunaifahamu vizuri, ikigeuka kuwa sababu ya mtu kuja, siku mfadhili akiondoka na mtu anaondoka. Njia ya kati naiona kwa CAMFED, shirika lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na linalofanya kazi hapa Tanzania pia. Mabinti waliosaidiwa kusoma wana mtandao wao ulioundwa mwaka 1998, na baadhi yao hurudi katika shule za kwao kujitolea saa chache kwa wiki kuwaongoza wadogo zao. Mshahara hawana. Wanachopata ni mafunzo yanayotambulika na nafasi ya kukopa bila riba kuanzisha biashara. Kikundi cha kata hakina uwezo huo wote, sawa. Lakini kinaweza kurudisha nauli kwa risiti, kuandika barua ya utambulisho inayoeleza hasa kazi aliyoifanya mtu, na kuwashika mkono mabinti wajiandikishe kikundi chao waombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo nne ni za wanawake.

Usajili nitaupitia kwa haraka. Kikundi kidogo huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Shirika hufuata Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2019, na kila mwaka linadaiwa taarifa ya shughuli na ya fedha. Msiidharau taarifa hiyo. Wakongwe mliomo humu mnaikumbuka BAWATA, Baraza la Wanawake lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka. Lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka uliofuata, kwa madai kwamba linafanya siasa. Wanawake wale walikwenda Mahakama Kuu na hatimaye wakashinda, lakini zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita, na baraza la nchi nzima halingojei miaka 10 likabaki na wanachama. Makaratasi yaliyotimia hayamzuii mwenye nia ya kukufungia, ila yanampunguzia sababu.

Limebaki suala ambalo halipendwi: mwanzilishi. Alikianzisha kikundi sebuleni kwake, alitoa fedha zake, jina lake ndilo wafadhili wanalolijua. Kumwambia vipindi viwili vinatosha kunaonekana ni utovu wa adabu, kwa hiyo katiba ya kikundi inaandikwa "mwenyekiti atachaguliwa kila baada ya miaka mitatu" na uchaguzi haufanyiki. Nashauri ukomo uandikwe mapema, wakati mwanzilishi bado anapendwa na yeye mwenyewe akiwa mwandishi wa kifungu hicho. Apewe heshima ya mlezi, asiwe mtia saini. Na kwenye kamati kuwe na viti viwili vya wasichana waliosaidiwa na kikundi, vyenye kura. Leo tunawaita siku mgeni akija, tunawapanga mstari wakiwa wameshika madaftari mapya, wanasoma risala ya shukrani iliyoandikwa na katibu, wanapigwa picha, wanarudi nyuma. Binti wa miaka 17 aliyesimama mstari huo mara tatu amejifunza kushukuru. Kuongoza hajajifunza.

Ndugu mwenyekiti, naiomba semina hii iazimie mambo mawili. Kila kikundi kilichopo hapa kisome daftari lake la fedha mbele ya wanachama wote, wasichana wakiwamo, kabla ya robo hii ya mwaka kwisha. Na mada hii, kwenye semina ijayo, apewe binti aliyesomeshwa na mojawapo ya vikundi vyenu, aje atueleze alichokiona.