Shamba la Anathothi na Nyumba ya Karen

Ukiwa na Biblia karibu, ifungue katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 32. Ikiwa huna, sikiliza tu. Ni habari ya mtu aliyenunua shamba.

Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi kule Yerusalemu. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji. Ndipo akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamwomba anunue shamba lake la Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ilikuwa yake. Hebu fikiri: adui amekwisha kuikalia nchi, nawe waambiwa ununue shamba! Lakini Yeremia alinunua. Akapima fedha katika mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Zikawa hati mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, na zote akampa Baruku mbele ya watu wote, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Tulipokuwa katika chuo cha theolojia, habari hizi za mizani na muhuri tulizipita upesi upesi, tukiikimbilia ahadi iliyo mbele. Mwaka wa 2022 tulizirudia polepole, maana tulikuwa tumetumwa kununua nyumba.

Si nyumba yetu. Mchungaji hanunui nyumba Karen, na asiyeamini na amwulize mweka hazina wa parokia yoyote. Nyumba ilikuwa ya shemeji yetu, ndugu wa mama wa nyumba hii. Amekaa Uingereza miaka mingi, akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee, na fedha yake ameiweka kidogo kidogo. Sasa alitaka kurudi. Alitaka mahali penye miti, penye nafasi ya kuku wachache na mboga, lakini pasiwe mbali na duka, kanisa na daktari. Akatupigia simu akasema, "Mimi siko huko. Ninyi ndio macho yangu."

Basi tukaenda sisi wawili. Wengi wenu mwaijua njia. Wapanda matatu namba 111 pale Railways, katikati ya jiji, wapita Barabara ya Ngong, Dagoretti Corner, uwanja wa mbio za farasi na ule msitu, mpaka ufike madukani Karen, mahali Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Lang'ata. Hapo utapata benki, soko la maua na miche kando ya njia, na magari makubwa kuliko nyumba ya mchungaji. Lakini tembea dakika kumi tu katika njia za ndani, na jiji limekwisha. Ni ua wa kaiyaba pande zote mbili, na ndege, na harufu ya nyasi zilizokatwa. Tukakiri mioyoni mwetu kwamba ni mahali pazuri. Mama alisimama chini ya mti mmoja akanyamaza kitambo. Hatukumwuliza anafikiri nini, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tukifikiri lile lile.

Dalali alituonyesha nyumba kadhaa. Nyingine ilikuwa haina maji ila ya kununua kwa lori, maana kisima chake kilikuwa kimekauka. Nyingine shimo la maji machafu lilikuwa limejaa, naye dalali akasimama juu yake akitueleza uzuri wa jikoni. Ya tano ndiyo tuliyoipenda. Ilikuwa ya zamani, ya mawe, katika ekari moja, na bei yake ilikuwa chini kuliko tulivyotazamia. Mwenyewe alikuwa ameirithi kwa baba yake, naye alikuwa na haraka.

Bei ndogo na haraka! Wakili wetu aliposikia maneno hayo mawili alivua miwani yake. Akatutuma tukae kwanza. Alifanya sachi katika Ardhisasa, ule mfumo ambao Wizara ya Ardhi iliufungua mwaka 2021. Akaangalia kama mirathi ilikuwa imekwisha mahakamani. Akamtuma mpima ardhi akahesabu mawe ya mipaka. Akatuonya kwamba zaidi ya bei kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, na kwamba arubuni ya asilimia 10 isilipwe mkononi mwa mtu bali kwa mawakili. Tena akatukumbusha habari zilizojaa magazetini mwaka 2014, za lile shamba la ekari 134 papo hapo Karen, lililogombaniwa na watu wengi, kila mmoja akidai ni lake. Na tangu hapo mambo hayakuwa mepesi: mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ardhi ya Mombasa, iliamua kwamba hati peke yake haitoshi ikiwa njia iliyoileta ina kasoro. Yeremia angemwelewa wakili huyu. Mashahidi, muhuri, nakala mbili: Neno la Mungu halioni haya kutaja makaratasi.

Makaratasi yakawa safi. Tukafurahi. Mkataba ukaandikwa, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba nyumba itatolewa ikiwa tupu. Sisi tuliyapita maneno hayo kama tulivyozoea kupita majina ya kabila za Israeli tukisoma kitabu cha Hesabu. Mama hakuyapita. Akauliza, "Na yule Mzee?"

Nyuma ya nyumba ile, katika vyumba viwili vya wafanyakazi, alikaa mzee aliyetunza bustani. Alikuwa ametoka pande za Butere mwaka 1991, akaajiriwa na baba wa mwenye nyumba. Miti tuliyoipenda yeye ndiye aliyeipanda. Siku ya kwanza alitufungulia geti, akatuletea parachichi mbili, akasema, "Karibuni, Pasta. Hizi ni za mti wangu, yaani mti wa hapa." Mwenye nyumba alikwisha kumwambia aondoke mwisho wa mwezi. Malipo hayakutajwa.

Tukamjibu mama kwamba hayo ni mambo ya mwenye kuuza. Tulisema hivyo. Tulisema pia kwamba shemeji amefanya kazi usiku miaka mingi, na bei kama hii haitarudi, na maneno hayo yalikuwa kweli. Hakubishana. Alichukua tu zile parachichi, akaziweka juu ya meza tunayoandikia mahubiri.

Hapa turudi nyuma kidogo, maana nchi ile ya Karen imekwisha kuuzwa na kununuliwa mara nyingi. Ilikuwa shamba la kahawa la kampuni ya Karen Coffee, lililosimamiwa na yule mama wa Denmark, Karen Blixen, aliyefika nchini mwaka 1914. Kahawa haikustawi vizuri pale, nchi iko juu mno na baridi yake ni nyingi. Mwaka 1931 shamba likauzwa, likakatwa vipande vya kujenga nyumba. Nao Wakikuyu waliokaa ndani yake kama maskwota wakaambiwa waondoke. Bibi yule, ambaye mwenyewe alikuwa amefilisika, alizunguka katika afisi za serikali akiwatafutia mahali wapate kukaa pamoja, wasitawanywe, mpaka wakapewa sehemu katika msitu wa Dagoretti. Ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1937. Hatumtukuzi kupita kiasi. Watu wale walikuwa wakiombewa ruhusa ya kukaa katika nchi ambayo kabla ya Wazungu hakuna aliyewaita maskwota ndani yake. Lakini alipouza, aliuliza: na hawa je?

Tulikuwa tumekwisha kusoma habari hiyo miaka mingi, hata tumepeleka vijana wa kipaimara katika ile nyumba yake, ambayo tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Na bado mbele ya mkataba tulinyamaza.

Usiku huo mama alimpigia ndugu yake simu. Mwanzoni shemeji alikasirika. Akasema, "Dada, mimi nanunua nyumba, sinunui watu." Mama akamjibu, "Ndiyo sababu nakuuliza." Wakanyamaza wote wawili, na simu ya Uingereza ni fedha. Kisha akamwuliza jambo moja: wale wazee unaowageuza kitandani usiku, watoto wao wakiuza nyumba zao, wewe husikia nini? Hakujibu. Siku ya pili alituandikia tuongeze sharti katika mkataba: Mzee apewe miezi mitatu, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili mpaka alipwe haki yake ya utumishi. Wakili alisema sharti hilo si geni sana, kwa kuwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatambua malipo ya utumishi kwa kila mwaka, kwa mfanyakazi asiyewekewa akiba katika NSSF wala mpango mwingine wa pensheni. Mzee hakuwa amewekewa.

Mwenye kuuza alikataa. Akasema kuna mnunuzi mwingine, tena wa fedha taslimu. Zikapita siku kumi. Msikilizaji, tutakuambia lililo kweli: katika siku hizo tuliomba Mungu amtie Mzee moyo wa kuondoka mwenyewe, kimya kimya, ili nyumba isitupotee. Hayo ndiyo yalikuwa maombi ya mchungaji wako. Asubuhi tulisimama madhabahuni tukawagawia watu sakramenti, na jioni tukaomba hivyo.

Yule mnunuzi mwingine hakuonekana. Huenda hakuwako. Siku ya kumi na moja mwenye kuuza alikubali nusu ya fedha iliyohesabiwa, na miezi miwili badala ya mitatu. Shemeji akaongeza kidogo, si yote. Mkataba ukatiwa sahihi katika afisi ya wakili mjini, mama akiwa shahidi.

Tulimwendea Mzee kumpa habari. Tukamwambia pia kwamba shemeji angependa abaki, aendelee kutunza bustani kwa mshahara mzuri. Alicheka kwa adabu. "Asante, Pasta," akasema. "Mwambie asante. Lakini nimechoka na nyasi za watu." Aliomba kitu kimoja tu, achukue miche mitatu aliyokuwa ameipandikiza kutoka kwa ule mti wa parachichi. Akaifunga katika mifuko ya unga yenye udongo, na siku ya kuondoka aliibeba magotini ndani ya basi, hakukubali iwekwe juu na mizigo.

Mche mmoja ulikufa. Miwili iko Butere. Shemeji amekwisha kuhamia Karen na ana kuku sita. Mwaka huu Mzee alitupigia simu kuuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kukata matawi ya mti ule wa zamani kabla ya mvua. Hapakuwa na mtu aliyekumbuka.

Tuombe. Ee Bwana, leo wako watu watakaotia sahihi katika afisi za mjini, na wako wengine wanaofunga vitu vyao ndani ya gunia. Wawajua wote kwa majina yao. Uwe pamoja nao siku ya leo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.