Anayelinda Maji Asiyakose: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti Ndakaini





Bwawa hili la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994. Likijaa, hubeba mita za ujazo milioni 70, zinazoletwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu kutoka milima ya Aberdare. Maji yake husafishwa katika mtambo wa Ng'ethu, kisha yakawafikia wakazi wa Nairobi. Mwaka 2017, ukame ulipolipunguza bwawa hili, Nairobi iliishi kwa mgao wa maji.

Ndugu zangu, ukame hutangazwa redioni. Mmomonyoko hautangazwi. Mvua kubwa ikipiga shamba tupu la mteremkoni, huchukua udongo wenye rutuba na kuushusha mtoni, nao mto ukauacha bwawani. Mkulima amepoteza mbolea yake, bwawa limepoteza nafasi ya maji, na kuyasafisha maji kumezidi kuwa ghali. Bwawa lililokauka hujazwa na mvua njema. Tope likishatulia chini, mvua haiwezi kulitoa.

Kwa hiyo nawapongeza wakulima mliochimba matuta na kupanda nyasi za nepia kwenye kingo zake. Mnafanya kazi hiyo katika mashamba yenu, na anayefungua mfereji Nairobi anaifaidi.

Hapa niseme wazi: anayelinda maji asiyakose. Si haki mama wa hapa Gatanga apite kando ya bwawa hili na mtungi mgongoni, akitafuta maji kwingine. Viongozi, mabomba ya vijiji hivi tuyaone kwenye bajeti, si kwenye ahadi za kampeni.

Nanyi wananchi, nawaomba mambo matatu. Msilime hadi ukingoni mwa mto. Msioshee pampu za dawa mtoni. Na mikaratusi iliyo karibu na chemchemi iondolewe, mahali pake pawe na mianzi na miti ya kiasili. Miche ya leo nayo igawiwe shule na vikundi, kila shule na kila kikundi kijue miche yake ni ipi ya kupalilia na kumwagilia mpaka ikomae.

Baada ya kusema hayo, natangaza rasmi kwamba shughuli ya kupanda miti imefunguliwa. Chukueni majembe, twende kazini.