Sarafu za Kilwa na Thamani ya Stakabadhi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Songea



Sarafu ni kipande cha madini chenye alama ya mwenye mamlaka. Katika karne ya 6 K.K., Mfalme Croesus wa Lydia, nchi jirani na miji ya Wayunani, alitoa sarafu za dhahabu na za fedha. Mji wa Athens nao ulitumia fedha ya migodi yake ya Laurion, ukaipiga chapa ya bundi. Mfanyabiashara aliyeitilia shaka chapa aliweza kuiweka sarafu katika mizani, kwa kuwa thamani ilikuwamo ndani ya madini yenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo.

Kilwa Kisiwani ilikuwa na jambo la kustaajabisha zaidi. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, alitawala mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331. Hata hivyo, sarafu za dhahabu za sultani huyo zinazojulikana leo ni chache mno. Zilizo nyingi ni za shaba. Upande mmoja zina jina la mtawala. Upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yenye vina na jina hilo.

Shaba ni madini ya thamani ndogo, na uzito wa sarafu hizo haukuwa sawasawa. Zilipokelewa kwa sababu watu waliliamini jina lililoandikwa juu yake. Imani hiyo ilikuwa na mipaka: sarafu hizo hupatikana hasa Kilwa, Mafia na Unguja. Moja iliokotwa Great Zimbabwe, mbali sana na pwani.

Dhahabu, kinyume chake, hupokelewa popote, na kwa hiyo huchukuliwa kwa urahisi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1506 dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha ibada huko Ureno, na chombo hicho kingali kinahifadhiwa Lisbon. Shaba ilibaki mchangani Kilwa.

Ndugu Wanachama, mkulima anayefikisha ufuta au mbaazi ghalani hurudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo ni nyepesi kuliko shaba ya Kilwa, wala haina thamani yake yenyewe. Juu yake atakopa mbolea, ataahidi ada ya mtoto, atasubiri mnada. Kinachoibeba ni jina la chama na mkono wa katibu.

Kwa hiyo mizani isiyo sawa, kilo iliyofutwa katika daftari, au stakabadhi iliyoandikwa bila mzigo, haimwibii mkulima mmoja tu. Huishusha thamani ya kila stakabadhi iliyomo kijijini, hata zile za kweli. Msimu unaofuata mkulima atamwuzia mlanguzi njiani kwa bei ndogo, mradi apewe fedha mkononi.

Sultani wa Kilwa aliweka jina lake juu ya shaba, nayo ikapokelewa. Katibu huweka jina la chama juu ya karatasi. Ailinde.