Mgomba, Upupu na Mkono Unaotetemeka

 

Kila aliyewahi kumenya ndizi mbichi za mtori anajua kinachofuata. Vidole vinaanza safi na kumaliza vyeusi, na weusi ule hausikii sabuni. Ndiyo maana mama anayejua kazi yake hujipaka mafuta ya kula viganjani kabla hajashika kisu. Utomvu unapotoka kwenye ganda hauna rangi ya kutisha. Ukishapigwa na hewa, kimeng'enya kilichomo ndani ya ndizi yenyewe huichukua oksijeni na kuifungia kazi kemikali moja iliyojaa humo, na weusi ndio matokeo. Kemikali hiyo inaitwa dopamini.

Sasa ondokeni jikoni mnifuate kichwani. Chini ya ubongo, pale unapoungana na shina lake, kuna eneo dogo ambalo ukilipasua unaliona jeusi kwa macho matupu. Weusi wa pale nao umetokana na dopamini. Seli za eneo hilo huitengeneza mchana na usiku, na ndiyo inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuukata bila kubishana na mwenye mwili. Seli hizo zikifa, weusi hufifia. Zikishakufa nyingi, zaidi ya nusu, ndipo nyumbani wanaanza kuona: mkono unatetemeka ukiwa umelala mapajani, hatua zinafupika, uso unakosa tabasamu, kifungo kimoja cha shati kinamaliza dakika tano. James Parkinson, daktari wa London, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, na unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kwa hiyo huku kwetu kuna jambo la ajabu. Mzee anayetetemeka kwa kukosa dopamini ameketi kihambani, shambani kwake, chini ya mgomba uliojaa dopamini. Anakula ndizi asubuhi na jioni. Mbona haponi?

Kabla sijajibu, niseme kwa nini swali hili nimelileta hapa Bomang'ombe, wilayani Hai, na sikulibakiza Moshi mjini. Wilaya hii ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu barani Afrika. Tangu miaka ya 1990 watu wa hapa walikuwa wakihesabiwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti wa vifo vya watu wazima. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilitumika kuwatafuta wenye ugonjwa wa Parkinson. Katika watu 161,071 walipatikana 33. Zaidi ya robo tatu ya hao 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa. Namba hiyo ya 33 ni ndogo ukiilinganisha na za Ulaya, lakini mimi hainipi faraja, kwa sababu mgonjwa asiyetibiwa hafiki mbali, na aliyekwisha kuzikwa haingii kwenye hesabu ya walio hai. Mtaani mgonjwa kama huyo huambiwa ni uzee. Au, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mkono wa mtu. Ni maneno mazito kumwambia mtu ambaye tatizo lake ni mkono wake mwenyewe.

Turudi kwenye ndizi. Mwili haungoji dopamini ya shambani; unaitengeneza wenyewe. Unaanza na tairosini, kipande kimojawapo cha protini kinachopatikana kwenye nyama, maziwa na maharage. Kimeng'enya cha kwanza, kinachohitaji madini ya chuma ili kifanye kazi, huigeuza tairosini kuwa levodopa. Hicho ni kizito, huenda polepole. Cha pili hufanya haraka: huigeuza levodopa kuwa dopamini. Ni hatua mbili tu, lakini kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na ukuta huo una mageti. Dopamini ikija na damu kutoka tumboni hairuhusiwi kupita geti lolote. Ndizi ya mzee wetu inaishia nje.

Levodopa, iliyobakiza hatua moja tu, inaruhusiwa. Arvid Carlsson wa Sweden aliionyesha nguvu yake kwa wanyama mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960, huko Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima bongo za marehemu waliokuwa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua vibaya. Mwaka 1967 George Cotzias, akiwa Marekani, aliwapa wagonjwa mchanganyiko wenye levodopa kwa mdomo, akipandisha kipimo kidogokidogo, na watu waliokuwa wameganda wakatembea. Shida ilikuwa kwamba levodopa nyingi iligeuzwa dopamini huko huko tumboni na kwingineko nje ya ubongo, ikaleta kichefuchefu na kutapika. Ndiyo sababu kidonge cha leo kina vitu viwili: levodopa, na kabidopa inayokizuia kile kimeng'enya cha pili nje ya ubongo. Kabidopa yenyewe haipiti ukuta, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Najua kuna mtu amekaa na swali la upupu. Ndiyo, upupu uleule wa kuwasha. Kinachowasha ni vinyweleo vya ganda lake. Mbegu zilizomo ndani zina levodopa ya kweli, iliyotenganishwa kutoka kwenye mbegu hizo kwa mara ya kwanza huko India mwaka 1937. Mwaka 2004 madaktari wa London waliwapa wagonjwa wanane unga wa mbegu hizo, na ulianza kufanya kazi mapema kuliko kidonge cha kawaida. Kwa nchi ambayo kidonge ni ghali au hakipatikani, hilo si jambo la kudharau. Hata hivyo msikimbilie vichakani. Kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, ndani yake hakuna kabidopa, na ikizidi mgonjwa huona vitu visivyokuwepo.

Mnisikilize zaidi kwenye hili la mwisho, maana ndilo mtakaloweza kulifanya kesho. Geti linalopitisha levodopa ni lilelile linalopitisha vipande kadhaa vya protini, na foleni ni moja. Mzee akimeza kidonge saa mbili asubuhi pamoja na bakuli la mtori uliojaa nyama, levodopa inafika getini na kukuta msongamano. Saa nne bado amekakamaa, na kijana wake anasema dawa ni feki. Keshokutwa anaongezewa kidonge ambacho hakukihitaji. Dawa imezwe kwanza, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula. Na kwa mgonjwa wa miaka mingi ambaye dawa imeanza kumkatikia mchana, daktari anaweza kushauri mchana ale ndizi, viazi na mboga. Nyama yake awekewe jioni. Asinyimwe, maana ugonjwa huu hukondesha, na mzee wa Kichagga akinyimwa nyama, Bomang'ombe nzima itapata habari.