Mtoto asikatwe haraka, asifichwe pia
Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Butembo na Beni



Siku hizi kwenye telefone zetu kunapita mabishano ya Ulaya na Marekani: mtoto anayesema kama mwili wake na moyo wake havipatane, apewe dawa za kuchelewesha ubalehe ao hapana? Uingereza, ripoti ya daktari Hilary Cass ya mwezi wa 4, 2024 ilisema kama ushahidi juu ya dawa hizo ni mudogo. Serikali ikazuia watoto wapya wasianzishiwe, isipokuwa katika utafiti. Marekani, mwezi wa 6, 2025, Mahakama Kuu iliacha sheria ya Tennessee ya kuzikataza isimame, wakati mashirika makubwa ya madaktari kule yanasema kukataza kunaumiza watoto wenye kuteseka.

Wengi wetu tunacheka: "Ile ni mambo ya wazungu." Ngojeni kwanza.

Kwetu pia kuko watoto wanaozaliwa na viungo ambavyo mkunga hawezi kusema mara moja kama ni mwanaume ao mwanamuke. Wako kila inchi, tangu zamani. Si laana, na mama hakukosa kitu. Si uchawi pia: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 inaazibu mwenye kumsingizia mtoto uchawi mbele ya watu. Lakini mtoto huyo anafichwa, ao familia inataka akatwe, mambo yaishe.

Neno letu ni moja: tutenganishe matibabu ya kuokoa uhai na kisu cha kuondoa haya ya watu wakubwa.

Kuko ugonjwa wa tezi za juu ya figo unaofanya mtoto wa kike aonekane kama wa kiume. Aina yake kali inapoteza chumvi ya mwili na inaweza kuua katika wiki za kwanza. Akitapika, akikataa kunyonya, akilegea, akimbizwe hospitali siku ile ile. Dawa hiyo haingoje mabishano. Lakini kupasua ili tu aonekane kama wengine, hiyo inaweza kungoja. Kilichokatwa hakirudi, na mtoto akikomaa anaweza kujijua kinyume cha kile tulichomuchagulia.

Kenya ilipita njia hii. Mtoto aliyezaliwa 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsia. Kesi ikafika mahakamani, jaji Isaac Lenaola akaikata 2014, akadai serikali iweke utaratibu. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata 1,524 wa namna hiyo. Sheria ya watoto ya 2022 inakataza kubadilisha ao kuondoa viungo vyao bila shauri la mtaalamu wa jeni.

Sheria yetu ya 2009 inasema faida ya mtoto itangulie, na mwenye kuweza kupambanua asikilizwe. Njo musingi wetu, ata kwa kijana ambaye mwili wake uko wazi lakini moyo wake unasumbuka: asipigwe, asifukuzwe nyumbani, asijinunulie dawa barabarani. Asikilizwe.

Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilitufundisha: matibabu yakikuja bila maelezo, watu wanakimbia, wengine wanashambulia vituo. Njo maana tunadai:

1. Wakunga wafundishwe kumpokea mtoto huyu na kumtuma haraka kwa daktari.
2. Etasivili imuandike kama watoto wote, bila kumuchekelea mama.
3. Operasio isiyo ya haraka isifanyike mpaka mtoto aweze kusema mwenyewe.

Na sisi wenye madiplome bila kazi, wakati tuko nao. Tuisome ile sheria katika kila mtaa. Ukiletewa picha ya mtoto kama huyo kwenye WhatsApp, ifute, usiipeleke mbele. Kazi inaanzia hapo, leo.